Kwa Penseli

Waliletwa kwangu Alhamisi ya upepo,
siku ambayo mji wa Punta Arenas hufunga kamba
kando ya barabara ili watu wasipeperushwe.
Mama, Noelia Mansilla, aliingia amekunja vidole
kana kwamba kamba bado imo mkononi.
Eliseo hakushika kitu.
Miaka kumi na miwili na nusu. Aliketi
kama aliyekwisha kuhukumiwa,
anayengoja tu kuambiwa gereza ni lipi.

Fomu nimeikariri kama sala ya kabla ya mlo:
mambo kumi na matano, miezi kumi na miwili,
yakitimia matatu, ugonjwa wa mwenendo una mwenyewe.

Huanza ugomvi? Huanza.
Ametumia silaha? Nyundo ya babu, mara moja,
"lakini upande wa mpini," mama anawahi,
nami natafuta kwenye karatasi kisanduku cha mpini.
Amemtesa mnyama?
Mama anatazama dirisha.
"Mbwa wa jirani," anajibu mtoto mwenyewe.
"Nilimfunga mdomo kwa waya."
Kwa nini?
"Alikuwa anabweka."
Amechoma mali ya mtu?
"Banda la sufu. Nusu. Nusu nyingine upepo."
Hacheki, halii.
Naandika: *majuto hayapo.*
Nafuta. Naandika: *sikuyaona.*
Hayo ni mambo mawili,
na ilinichukua miaka kumi na tisa ya kazi kuyatenganisha.

Matatu yametimia, chai haijapoa.

Iko na barua ya mwalimu:
*Mkaidi. Akiitwa haitiki.
Ukimwonya anakukodolea macho mdomoni,
kama anayekudhihaki.*
Asubuhi niliisoma mara mbili
na mara mbili nikaipita.
Mdomoni.

Nikainuka kama anayekwenda kufunga pazia,
nikapita kushotoni kwake, nikaangusha funguo zote,
za kliniki, za gari, za nyumba ya marehemu mama,
juu ya vigae.
Noelia aliruka.
Mtoto hakupepesa.

"Sikio hili, tangu lini?"
Mama akasema ni baridi. Akasema mafua ya uchanga.
Akasema, kwa sauti iliyozama, hajui.
Eliseo alikuwa akimsoma midomo.
Akanigeukia, kama anayemsahihishia mtu hesabu:
"Tangu Krismasi ile. Ya kiatu cha baba."

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema.
Hatusemi lolote juu ya aliyekwisha kuvunjwa.

Lakini nisijidanganye.
Sikio bovu halisokoti waya.
Ninao wenzangu wanaopenda sababu
hata wakamsahau mbwa,
na mbwa huyu ana jina, Canela,
na mpaka leo hunywa maji kwa upande mmoja wa mdomo.
Ninao na wenzangu wa wino:
wakishaandika, jina hutangulia shuleni,
hukalia kiti cha mtoto kabla hajafika,
na akifika hukuta pamejaa.

Kaka yangu Ramiro angetimiza sita.
Enzi zetu hapakuwa na fomu, palikuwa na mkanda.
Sitaki kusimulia aliishia wapi.

Basi nimechukua penseli.
Nimeandika jina la ugonjwa, nikaweka alama ya kuuliza
kubwa kuliko jina.
Nimeandika barua kwa daktari wa masikio.
Nimeandika nyingine, ile ninayoichukia,
kwa ofisi ya ulinzi wa watoto,
na Noelia ameniona nikiandika anwani ya nyumba yake
na hakunizuia, na hakunishukuru.

Mlangoni mtoto akasimama.
"Nimefaulu?"
Nikazunguka hadi upande wake wa kulia,
nikainama.
"Hatujamaliza. Alhamisi ijayo."
Akafikiri.
"Na Canela naye mtampima?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kutoka dirishani niliwaona wakivuka barabara,
mama ameng'ang'ania kamba kwa mikono miwili,
yeye mikono mifukoni, kichwa ameinamisha,
upepo akiupa sikio la kushoto.